Kupima wadudu wa porini kama wana Wolbachia kwa PCR: kuanzia kukamata mpaka kusoma jeli

Wadudu wengi sana wanatembea na bakteria ndani ya miili yao, na sisemi wale wa tumboni wanaokuja na chakula wakaondoka, nasema wanaokaa ndani ya seli kabisa na mama anawarithisha watoto kupitia mayai. Maarufu kuliko wote ni Wolbachia. Hertig na Wolbach walimripoti 1924 kwenye mbu wa Culex pipiens, jina kamili Wolbachia pipientis likaja 1936, alafu akakaa miaka mingi bila watu kumjali sana mpaka 1971 Yen na Barr walipomhusisha na kile kituko cha mbu dume wa huku kupandana na jike wa kule na mayai yasianguliwe. Leo makadirio yanacheza kati ya asilimia 40 na 66 ya spishi za wadudu na jamaa zao kama buibui, utitiri na krasteshia wadogo wa nchi kavu (isopoda), kwaiyo ukikamata spishi kumi za ovyo ovyo usishangae nusu wakiwa nao. Kuna spishi ambazo anaua watoto wa kiume, nyingine anageuza dume kuwa jike, nyingine jike anazaa bila dume. Na akiingizwa kwa mbu wa Aedes aegypti anazuia virusi vya dengi, ndo ule mradi wa Yogyakarta kule Indonesia ambao matokeo yake ya 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77.

Sasa kumpima kwenyewe sio kazi ngumu kihivyo, ukiwa na mashine ya PCR (inayonakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi mno hadi kionekane), sentrifuji ndogo, pipeti na tangi la jeli unamaliza ndani ya siku mbili tatu. Kinachowaangusha watu ni kuamini bendi, ule mstari wa DNA unaoonekana kwenye jeli (au kukosekana kwake), bila kuwa na kitu cha kulinganisha nayo, kwaiyo nitarudi hapo mara nyingi, nivumilie.

Kabla hujashika wavu: unauliza nini hasa?

"Huyu mdudu anao?" ni swali moja. "Hii spishi hapa inao?" ni swali jingine kabisa, na la pili linahitaji wadudu wengi, maana kwenye spishi nyingi sio kila mmoja ameambukizwa. Hesabu yake ni rahisi: kama asilimia 50 ya wadudu wanao, ukipima 5 una zaidi ya asilimia 95 ya kumpata angalau mmoja. Kama ni asilimia 20 wanahitajika 14. Kama ni asilimia 10 wanahitajika 29. Yaani mtu aliyepima wadudu watatu akaandika "spishi hii haina Wolbachia" hajasema kitu chochote, amesema tu kwamba wale watatu hawakuonyesha.

Alafu vibali. Hifadhi, mbuga, ardhi ya mtu, spishi zinazolindwa, kusafirisha sampuli au DNA kuvuka mpaka, kila kimoja kina utaratibu wake, na Itifaki ya Nagoya (makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki, imeanza kufanya kazi 2014) inagusa hata wadudu wadogo kabisa pale nchi inapoamua hivyo. Malizana na hayo kwanza maana ukishakuwa na data huwezi kurudi nyuma kuomba kibali cha jana.

Kukamata na kuhifadhi

Wavu, mtego wa taa, kutikisa matawi juu ya kitambaa cheupe, vyote sawa. Mitego ya kufukia ardhini yenye maji ya sabuni mi siipendi kwa kazi ya DNA kwasababu mdudu anakaa majini siku nzima au zaidi kwenye joto na DNA inakatikakatika, ukilazimika kuitumia basi itembelee mara kwa mara. Chupa ya kuulia yenye ethili asetati nayo iache, inaharibu DNA. Njia safi ni mbili, kumgandisha kwenye friza au kumtumbukiza moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwenda juu.

Hapo kwenye ethanoli kuna mambo madogo yanayoleta tofauti kubwa. Mdudu ana maji mwilini, akiingia kwenye ethanoli anaipunguza nguvu, kwaiyo kesho yake mwaga uweke nyingine, hasa kwa wadudu wanene kama panzi na mende. Ethanoli iwe nyingi kuliko mdudu, mara kumi kwa ujazo ukiweza. Ile ya asilimia 70 inamhifadhi mdudu vizuri kwa kutazama umbo lake lakini DNA haidumu humo muda mrefu, na formalini usiiguse kabisa. Mdudu mmoja tyubu moja! Watu wanajaza wadudu ishirini kwenye kichupa kimoja kuokoa nafasi, alafu wanasahau kwamba DNA inavuja kwenye ethanoli, hivyo mwenye maambukizi anaweza kuwapaka wenzake na wewe ukaona wote "wanao".

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi na iingie ndani ya tyubu pamoja na mdudu, wino wa kalamu nyingi unayeyuka kwenye ethanoli. Tarehe, mahali na GPS, mmea au mazingira aliyokuwepo, nani amemkamata. Piga picha kabla hujamkata, ya juu na ya ubavuni, na kama ni kipepeo au nondo toa mabawa uyahifadhi pembeni kama ushahidi maana spishi utaitambua kwa mabawa na sio kwa uji uliobaki kwenye tyubu. Friza ya nyuzi −20 inatosha kabisa.

Unakata sehemu gani

Wolbachia anapenda ovari na korodani, kwaiyo tumbo la nyuma ndo mahali pa kwanza pa kutafuta. Mdudu mdogo kama nzi wa matunda au kidukari mponde mzima. Mkubwa chukua kipande cha tumbo lisilozidi ukubwa wa punje ya mchele, ukiweka nyama nyingi haimaanishi DNA nyingi, inamaanisha uchafu mwingi unaoizuia PCR. Mguu mmoja unatosha kutambua spishi lakini kwa kutafuta bakteria unaweza kukudanganya, maana kwenye miguu anaweza asiwepo wa kutosha.

Lakini tumbo nalo lina matatizo yake na hapa ndo pa kufikiri. Buibui, vunjajungu, kereng'ende, hawa wamekula wadudu wengine, na yule aliyeliwa akiwa na Wolbachia DNA yake iko utumboni mwa mlaji. Kiwavi anaweza kuwa na kiluwiluwi cha nyigu ndani yake, na nyigu hao wanaambukizwa sana. Panzi anaweza kuwa na minyoo, kombamwiko anaweza kubeba utitiri juu ya ngozi. Kwa walaji wenzao ni bora kuwakalisha na njaa siku moja mbili kabla ya kuwaua, au kutoa ovari peke yake chini ya hadubini kama mkono umezoea. Ukimpasua mdudu ukaona kiluwiluwi, huyo mweke pembeni na uandike.

Kabla ya kukata msuuze: ethanoli safi, alafu klorini nyepesi sekunde kadhaa, alafu maji safi ya maabara mara mbili. Wembe na koleo futa kwa klorini kisha ethanoli kila unapohama kutoka mdudu mmoja kwenda mwingine. Inachosha, najua.

Kutoa DNA

Kama una seti za kununua zenye vichujio vya silika fuata maelezo ya boksi, zinatoa DNA safi inayokaa muda mrefu. Kama bajeti ni ya mawazo, Chelex (chembe ndogo za resini zinazonyonya ioni za metali) inafanya kazi vizuri kwa wadudu wadogo na mi naipendekeza kwa anayeanza, kwasababu hatua ni chache na uchafuzi unakuwa mdogo.

Tengeneza Chelex ya asilimia 5 kwenye maji safi. Mdudu akaushwe ethanoli kwanza kwenye karatasi, dakika chache tu hadi iruke, maana ethanoli ikibaki inazuia PCR. Mponde kwenye tyubu ya mililita 1.5 kwa mchi mdogo wa plastiki, weka mikrolita 150 hadi 200 za Chelex (tikisa chupa kila unapochota, chembe zake zinazama haraka, na kata ncha ya pipeti iwe na tundu pana la sivyo utachota maji matupu), ongeza mikrolita 5 hadi 10 za proteinasi K (enzaimu inayomeng'enya protini) ya miligramu 20 kwa mililita. Joto la nyuzi 56 kwa saa moja hadi tatu, wenye magamba magumu kama mende waache usiku kucha. Kisha nyuzi 95 hadi 99 kwa dakika 10, hii inaua proteinasi K, na ukiiruka hiyo hatua proteinasi itakwenda kula enzaimu yako ya PCR. Zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa dakika tatu, chota maji ya juu uhamishie tyubu mpya. Usibebe chembe za Chelex hata moja, zinanyonya magnesiamu, na Taq, yaani enzaimu ya PCR, bila magnesiamu haifanyi kazi.

Na katika kila kundi la wadudu, tyubu moja isiwe na mdudu. Ipitie kila hatua, Chelex, proteinasi, joto, kila kitu, ila ndani hamna mdudu. Hiyo ndo kontroli ya utoaji, itakwambia kama dawa zako au mikono yako ina DNA ya jana.

Prima, na kwanini ufanye PCR mbili kwa kila mdudu

Prima ni vipande vifupi vya DNA, viwili viwili, vinavyoiambia PCR ianzie na kuishia wapi kunakili. PCR ya kwanza inamtafuta bakteria. Ya pili inatafuta DNA ya mdudu mwenyewe. Ya pili watu wanaiona ni kupoteza hela na ndo hiyo inayoamua kama jibu la "hana" lina maana.

Kwa bakteria kuna jozi mbili za prima zinazotumika sana. Ya jeni ya 16S ambayo imetengenezwa kwa ajili ya Wolbachia tu, CATACCTATTCGAAGGGATAG kwa mbele na AGCTTCGAGTGAAACCAATTC kwa nyuma, inatoa kipande cha jozi za besi 438. Na ya jeni ya wsp, inayotengeneza protini ya uso wa bakteria, 81F TGGTCCAATAAGTGATGAAGAAAC na 691R AAAAATTAAACGCTACTCCA, kipande karibu 600 na kinabadilika kidogo kutegemea aina. Mi ningeanza na 16S. Jeni ya wsp inabadilikabadilika haraka, nzuri kwa kutofautisha aina, lakini kwa sababu hiyohiyo prima zake zinakosa baadhi ya aina.

Kwa mdudu tumia jeni ya COI ya mitokondria, LCO1490 GGTCAACAAATCATAAAGATATTGG na HCO2198 TAAACTTCAGGGTGACCAAAAAATCA, kipande karibu 710. Faida yake nyingine ni kwamba ukikisoma kinakutambulisha spishi. Ila jihadhari, Wolbachia naye ana jeni inayofanana na hiyo na kuna wakati prima hizi zinamnasa yeye badala ya mdudu, unatuma kusoma spishi ya kipepeo unarudishiwa bakteria. Ikikutokea usichanganyikiwe, ni jambo linalojulikana, na kwa namna fulani tayari umeshapata dokezo la swali lako.

Mchanganyiko wa mikrolita 25: mastamiksi ya mara mbili (mchanganyiko wa kununua wenye Taq na magnesiamu tayari) 12.5, prima ya mbele 1 na ya nyuma 1 (zote za mikromola 10), maji 8.5, DNA 2. Changanya vyote isipokuwa DNA kwa ajili ya tyubu zote kwa pamoja, ongeza hesabu ya tyubu moja au mbili za ziada maana pipeti inapoteza kidogo kidogo, alafu gawa. DNA iingie mwisho, kontroli ya maji ndo ifunike mlango, yaani iwekwe baada ya sampuli zote ili kama kuna uchafu umetapakaa njiani uonekane.

Mashine kwa 16S: nyuzi 94 dakika 2, kisha mizunguko 30 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 45, nyuzi 72 dakika 1, malizia nyuzi 72 dakika 10. Kwa wsp ratiba hiyohiyo inafaa kuanzia. Kwa COI shusha ile ya kati hadi 48 au hata 45 na ongeza mizunguko iwe 35.

Kila ratiba iwe na kontroli hizi: DNA ya mdudu unayejua kwa hakika anao, DNA ya mdudu unayejua hana, ile tyubu isiyo na mdudu, na maji matupu. Wa kwanza unampata wapi? Mbu wa Culex pipiens na Culex quinquefasciatus wengi mno wanao, na nzi wa Drosophila wanaofugwa maabara wengi pia wanao. Asiye nao ni nzi walewale waliolishwa antibiotiki ya tetrasaiklini vizazi kadhaa hadi bakteria wakaisha, omba maabara inayofuga nzi, hawakosi.

Kitu kimoja kuhusu mpangilio wa chumba: unapochanganyia PCR pasiwe panapofunguliwa tyubu za PCR iliyokwisha. Tyubu iliyokwisha ina mabilioni ya nakala za kipande hichohicho unachokitafuta, ukiifungua juu ya meza ya kuchanganyia basi kuanzia kesho kila kitu kitakuwa "kinao" mpaka maji. Pipeti tofauti, koti tofauti, meza ifutwe klorini.

Jeli

Agarosi asilimia 1.5 kwenye bafa ya TAE, chemsha kwenye maikrowevu mpaka iwe angavu kabisa, ipoe kidogo, weka rangi ya DNA, mimina. Rangi za kisasa zilizotengenezwa kuwa salama zaidi zinatosha kwa kazi hii, bromidi ya ethidiamu sioni sababu ya kuing'ang'ania kama una mbadala, na ukiitumia basi glavu na taka zake ziwe na chombo chake. Pakia mikrolita 5 za kila PCR, lada ya jozi 100 (vipande vya ukubwa unaojulikana, vya kulinganishia) pembeni, volti 100 kwa dakika 30 hadi 45. DNA inakimbilia upande chanya, waya mwekundu, hakikisha vishimo viko upande wa mweusi kabla ya kuwasha. Piga picha, na picha iwe nzima, na lada na kontroli zote zionekane.

Kusoma: hapa ndo penyewe

Anza na kontroli, sampuli usizitazame kwanza. Maji yana bendi ya 438? Funga, ratiba nzima haina maana, badilisha maji na prima, rudia. Maji ni safi ila tyubu isiyo na mdudu ina bendi? Uchafu umeingia wakati wa kutoa DNA, PCR yenyewe iko sawa. Mdudu unayejua anao haonyeshi? PCR imeshindwa, na "hasi" zako zote ni hewa. Bendi hafifu kabisa chini ya 100 hiyo ni prima zimeshikana zenyewe, ipuuze.

Kontroli zikiwa sawa sasa soma kila mdudu kwa PCR zake mbili pamoja. COI ipo na 16S ipo: anaelekea kuwa nao. COI ipo na 16S haipo: DNA ilikuwepo, ilikuwa nzuri, bakteria hakuonekana, hii ndo hasi unayoweza kuiandika. COI haipo na 16S haipo: hujui kitu, huyu hahesabiki kwenye asilimia zako kabisa, wala upande wa wasio nao. Hapa ndo tafiti nyingi za haraka haraka zinapoteza ukweli, wanawaweka hao kwenye kundi la "hawana" na asilimia ya maambukizi inashuka bila sababu. Na COI haipo ila 16S ipo: inatokea, prima za COI hazishiki kila spishi, jaribu jozi nyingine ya COI kabla ya kumhukumu.

Kwa wale wa "hujui kitu" jambo la kwanza sio kuongeza DNA, ni kupunguza. Punguza mara kumi kwa maji urudie. Rangi za macho, melanini na uchafu wa magamba vinazuia Taq, ukipunguza DNA unapunguza na vizuizi, mara nyingi bendi inachomoza. Ikigoma, safisha kwa kichujio cha silika au toa upya.

Bendi hafifu ya 16S nayo usiiite jibu. Rudia. Ikirudi tena hafifu kwa mdudu yuleyule na maji yakiwa safi, inawezekana bakteria ni wachache, au DNA ni ya chakula alichokula, au ni kitu kingine kabisa: vipande vya DNA ya Wolbachia vilivyohamia kwenye kromosomu za mdudu. Mfano wake mkubwa ni Drosophila ananassae, ambaye 2007 ilionyeshwa kwamba karibu jenomu nzima ya Wolbachia imejipachika ndani ya kromosomu zake. PCR ya kawaida haiwezi kutofautisha bakteria hai na masalia kama hayo, wala bakteria wa mdudu na bakteria wa nyigu aliyejificha ndani yake. Ukitaka kuwa na uhakika pima ovari peke yake, au tumia rangi za kung'aa zinazojishika kwenye RNA ya bakteria ili uwaone chini ya hadubini, au wape tetrasaiklini kizazi kimoja viwili uone kama bendi inapotea.

Kusomesha kipande

Zile chanya tuma zisomwe kwa njia ya Sanger, pande zote mbili, baada ya kusafisha PCR. Ukipokea faili fungua ule mchoro wa vilele uuangalie kwa macho kabla ya kunakili herufi. Vilele safi vya rangi mojamoja ni bakteria wa aina moja, vilele viwili viwili vilivyopandana kuanzia mwanzo mara nyingi ni aina mbili ndani ya mdudu mmoja, jambo la kawaida, na hapo lazima utenganishe vipande kwa kuvipandikiza kwenye plasmidi au usome kwa mashine za kizazi kipya. Kata herufi mbovu za mwanzo na mwisho, peleka BLAST, chombo cha mtandaoni cha kulinganisha sikwensi. Kwa 16S tegemea kufanana kwa asilimia 97 kwenda juu na Wolbachia wengine. Kikija kitu kingine kabisa, mfano Rickettsia au Ehrlichia, prima zimeshika ndugu yake na bendi yako haikuwa ulichodhani.

Usikimbilie kusema "ni aina ile ile ya Drosophila" kwasababu 16S imefanana asilimia 100, jeni hiyo haibadiliki vya kutosha kutofautisha. Wsp peke yake nayo haifai kwa ukoo kwasababu vipande vyake vinabadilishanwa kati ya aina na aina. Kwa hilo kuna jeni tano zinazotumika pamoja tangu 2006: gatB, coxA, hcpA, ftsZ na fbpA. Ndo zinakupa kundi kuu A au B ambako wengi wa wadudu wanaangukia.

Bakteria wengine

Ratiba hii yote inahamishika, unabadilisha prima na joto la kati tu: Spiroplasma, Cardinium, Rickettsia, Arsenophonus, Sodalis wa mbung'o, Buchnera wa vidukari. Kinachovutia ni kumpima mdudu mmoja kwa wote hao, maana Wolbachia sio peke yake anayeua madume, na ukiona jike lenye watoto wa kike watupu ukamkosa Wolbachia, Spiroplasma na Rickettsia ndo wa kufuata. Usitumie tu prima za 16S za bakteria wote ukategemea jibu safi kwa Sanger, utanasa na wa utumboni na wa kwenye ngozi, mchoro unakuwa vurugu tupu. Hiyo ni kazi ya kusoma vipande vingi kwa pamoja na mashine nyingine na bajeti nyingine.

DNA iliyobaki gawa mara mbili kabla ya kuirudisha kwenye friza, moja ya kutumia na moja isiyoguswa, DNA ya Chelex haipendi kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Sikwensi ziweke GenBank (hifadhidata ya wazi ya sikwensi) na namba ya mdudu wa ushahidi, mahali na tarehe aliyokamatwa, na wale hasi wenye COI nzuri waandike pia kwenye jedwali lako, na idadi yao, na prima ulizotumia.